Badawi na Watikisa Mkia wa Al-Safa

JEDDAH, Septemba 1981

Jua bado limejificha nyuma ya ukuta wa nyumba hii ya mtaa wa Al-Safa, lakini Badawi Masoud ameshafungua mpira wa maji. Anamwagilia kidogo, anasita, midomo inamcheza bila sauti. Mbele yake, juu ya ukoka, ndege wadogo wenye vifua vya manjano wanakimbia huku na huku, wakidonoa wadudu na kutikisa mikia.

"Sitini na wawili," anasema. "Ngoja, kuna wengine nyuma ya mtende."

Anachomoa daftari mfukoni, anaandika.

Ndege hawa, ambao yeye huwaita watikisa mkia, huzaliana katika nchi za baridi za kaskazini. Majira ya joto yakiisha huko, hushuka kusini na kuvuka jangwa. Tangu fedha za mafuta zianze kumiminika, kila nyumba mpya ya Jeddah imeoteshwa ukoka, nao wameuzoea kama abiria alivyozoea kituo.

Badawi ana miaka hamsini na sita. Alizaliwa Ng'ambo, Unguja, akaondoka mwaka 1964, baada ya mapinduzi, na mkewe Jokha na sanduku moja la nguo. Leo wanaishi mtaa wa Karantina na watoto wao wanne, vyumba viwili. Bustani hii ameitunza kwa miaka kumi na mmoja.

"Huyu bwana akirudi haulizi nimepika nini," anasema Jokha, akicheka. "Kwanza anipe habari za ndege. Siku hizi mie ndo namuwahi mlangoni: haya, wamefika wangapi?"

Lakini kicheko hicho hakikuwapo Septemba ya mwaka 1979.

Mwaka huo madam wa nyumba, Bi Munira, aliona viwavi kwenye ukoka akaita watu wa kupuliza dawa. Walikuja jioni, Badawi ameshaondoka. Asubuhi alipofungua geti aliona vitu vimetapakaa chini.

"Nilidhani majani makavu, yameletwa na upepo," anasimulia. "Nikainama. Mmoja alikuwa bado anahema. Nikamkalisha kiganjani, nikamtilia tone la maji mdomoni. Hakuyameza."

Aliokota arubaini na mmoja. Aliwatia kwenye beseni, akawafukia chini ya mtende, kisha akasikia kwamba wapuliza dawa wangerudi baada ya wiki.

Kwa mtu ambaye ikama yake, kibali cha kuishi nchini, imo mikononi mwa kafili, mwajiri anayemdhamini, kumpinga madam si jambo la mzaha. Kazi ikipotea, watu sita wanabaki bila karatasi. Badawi alivua viatu, akasimama kwenye mlango wa jikoni.

"Nilimwambia, madam, dawa mafi, dawa isiwepo. Viwavi nitaokota kwa mkono. Ukoka ukifa, kosa langu."

"Na mume wangu akikasirika?" aliuliza madam.

"Anifukuze."

Nyumbani, Jokha alikuja juu. "Nilimuuliza, Badawi, unatia rehani ikama ya watoto kwa ajili ya ndege? Akanijibu, 'Mie ndiye ninayemwaga maji, ndo maana wanakuja. Nimewaita mwenyewe, halafu niwaue?'"

Mwezi mzima aliinama na kopo, mgongo ukimuuma hata sala akawa anaswali amekaa. Kipande cha ukoka karibu na geti kilikufa, kikawa njano. Bosi, mume wa madam, alikipita siku tatu. Siku ya nne alisema maneno mawili tu: "Otesha tena." Dawa haikurudi. Sasa Bi Munira hunywa kahawa barazani saa ambayo ndege wanakula.

Habari hizo zilimfikia Ernest Mushi, Mtanzania mtaalamu wa wanyamapori aliyeko Riyadh kwa mkataba. Machi mwaka huu alimwalika Badawi alete daftari lake kwenye kikao cha wataalamu mtaa wa Al-Sulimaniyah huko huko Riyadh. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege.

Wataalamu walizungumza Kiingereza asubuhi nzima. Mwisho walikubaliana kwamba mtikisa mkia hayuko hatarini, maana ameenea nchi nyingi na idadi yake ni kubwa.

"Nikamtafsiria," anakumbuka Ernest. "Nikamwambia, Mzee, wanasema ni wengi, hakuna hofu. Akafunga daftari taratibu. Akasema, 'Mwanangu, hata sie mtaani kwetu tulikuwa wengi.'"

Ernest aliyageuza maneno hayo kwa Kiingereza. Mmoja wao akaomba daftari. Mwaka 1976, siku iliyofurika kuliko zote ilikuwa na ndege mia na thelathini. Mwaka 1980, sabini.

"Bustani moja haithibitishi kwamba ndege anapungua duniani," anaonya Ernest. "Bustani zimeongezeka, huenda wametawanyika tu. Hatujui. Waliandika vilevile, hayuko hatarini. Ila waliongeza mstari: hesabu ziendelee, na dawa za bustani zichunguzwe."

Leo watunza bustani wanne wa Al-Safa wanahesabu pamoja na Badawi, na nyumba mbili zimeacha dawa. Si zote. Wiki iliyopita aliokota tisa chini ya ukuta wa jirani. Aliwafunga kwenye gazeti akamwonyesha mwenye nyumba, ambaye alisema atafikiri.

Huko Riyadh ndiko pia Badawi alikojifunza kwamba baadhi ya ndege hawa huendelea hadi Afrika Mashariki. Utotoni aliwaona Unguja, lakini alidhani ni wenyeji. Alimwandikia dada yake, Mwanakhamis, anayeishi Bububu. Jibu lilikuja: wapo, hujaa uwanjani nyuma ya shule, na watoto hawawagusi.

Ameomba likizo ya mwanzoni mwa mwaka ujao, na madam amekubali. Itakuwa mara ya kwanza kukanyaga kwao baada ya miaka kumi na minane. Jokha ameshanunua vitambaa vya kuwapelekea mawifi.

"Dada anataka nimtajie siku," anasema Badawi, akikunja mpira wa maji. "Nimemwandikia, iwe yoyote, mradi kabla ya Machi. Machi ndege huanza kurudi kaskazini, na mie sitaki nifike nikute uwanja mtupu."