Oili Iliyobaki Mudzipela

Tuliondoka Bunia kwa sababu ya shamba la mama. Hakuwa ameliona tangu tulipokimbia vita Bule, na wiki ile watu walikuwa wakienda na kurudi salama, mradi wakirudi wapite barieri ya askari kabla ya saa kumi jioni. Siku moja kabla, nilipeleka gari kwa Fundi Jospin, mtaani Mudzipela humo humo Bunia, pamoja na bidoni ya oili mpya. Alinishauri nisubiri kilomita elfu tano zitimie tangu oili ilipobadilishwa. Nikamwambia hapana, abadilishe. Nikakaa kibandani nikanywa chai. Aliponiita, kapo, kifuniko cha moteri, ilikuwa imeshafungwa.

Saa kumi na mbili asubuhi tulitoka. Mama alivaa kitambaa chake cha kanisani. Vilima vilikuwa vya gia ya kwanza, vumbi mpaka kwenye meno. Tulipokaribia Bule moteri ikaanza kugonga, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikazima gari mbele ya kinu cha kusaga mahindi.

Bule, saa nne. Mwenye kinu, Mama Furaha, alifungua kapo mwenyewe akachomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa nyeusi kama lami, tena iligusa ncha tu. Akauliza ilibadilishwa lini. Nikasema jana. Akaisugua kati ya vidole.

"Hii haiko ya jana, dada. Hii iko ya miezi."

Jospin hakuwa ameigusa. Alitutolea oili aliyoiweka kwa kinu chake. Tulipongoja ile chafu imwagike, alinieleza kwamba moteri ya kinu haina kilomita, kwa hiyo wao huhesabu siku za kazi, na majira ya vumbi huzipunguza nusu. Kilomita elfu tano, alisema nilipomtajia ushauri wa Jospin, ni za watu wenye barabara ya lami.

Saa saba ndipo moteri ilipotulia. Gari halifiki shambani; kwa miguu ni saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na barieri, iliyo mwendo wa saa mbili kwa gari, ingetufungia. Sikujua nimwambieje mama. Alikuwa ameketi juu ya gunia, akitazama kilima chake kwa mbali.

"Turudi," akasema. "Shamba haiwezi kimbia. Ni siye tulikimbia."

Mudzipela, saa kumi na moja. Sikupita nyumbani kwanza. Jospin hakukana.

"Mama mwalimu, ile oili ya zamani ilikuwa bado muzuri. Ilibakiza kilomita elfu mbili."

Oili ya bidoni yangu alikuwa amemtilia mteja mwingine. Nikamshika mkono nikampeleka mpaka dirisha la gari alipokaa mama.

"Muambie mama yangu hizo kilomita."

Aliinama, akaahidi kunibadilishia tena bure. Nilikataa.

Siku hizi nabadilisha kila kilomita elfu tatu, mapema zaidi nikipita kwenye vumbi, na nasimama kando ya fundi mpaka tone la mwisho. Lakini wiki iliyofuata barabara ya Bule ilifungwa tena. Gari liko uani, oili yake safi, na mama bado hajaliona shamba lake.