Siku Futachenga Aliporudisha Chenga

Baba yangu mdogo ni fundi televisheni, na mtaa mzima unamwita Futachenga. Jina hilo amelitolea jasho. Televisheni ikianza kuvuma na kioo kikajaa chenga, vile vidoti vyeupe na vyeusi vinavyorukaruka, yeye hali, hanywi, mpaka picha ikae sawa. Mkewe husema ameolewa mitala, mke mwenzake ana kioo.

Siku hizi televisheni ni nyembamba na zikiharibika zinatupwa, kwa hiyo wateja wake wamepungua sana. Hata hivyo kila asubuhi anafungua kibanda, anapanga bisibisi zake kwa urefu na kuvaa miwani yake yenye mkono mmoja wa waya.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Mwalimu mkuu alitaka kukigeuza chumba cha klabu yetu ya sayansi kuwa stoo ya madawati mabovu. Nikamsihi aje aone somo moja kwanza, na kwa vile mdomo wangu hauna breki, nikaongeza, "Nitawaonyesha mabaki ya mwanzo wa ulimwengu, kwa macho yenu!"

Akacheka. "Ukiweza, chumba ni chako. Ukishindwa, madawati yanaingia Jumatatu."

Sikuwa nabahatisha. Ulimwengu ulipokuwa mchanga ulikuwa moto kupita kiasi, na mwanga wa joto lile bado unasafiri. Anga limetanuka, mwanga nao ukavutika mpaka ukawa mawimbi ya redio, na unatufikia kutoka kila upande. Antena ya televisheni ya zamani huudaka. Katika chenga mia, moja hivi ni yake. Ushahidi wenyewe ulikuwa sebuleni kwetu miaka yote, nasi tukiupiga makofi ili uondoke!

Basi nikampelekea Baba Mdogo televisheni yetu ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, aangalie kama bado inawaka. Sikumweleza ya nini. Nani humweleza fundi kwa nini anataka televisheni yake iwake?

Siku ikafika. Wanafunzi wamebanana, mwalimu mkuu yuko mlangoni, Baba Mdogo kaketi mbele na shati lililopigwa pasi. Nikawasha. Akatokea mama mmoja anatangaza hali ya hewa, picha safi kama maji ya kunywa.

"Nimekufungia king'amuzi humohumo ndani, mwanangu," Baba Mdogo akasema, meno yote nje. "Hutaziona chenga tena maishani!"

"Baba Mdogo, chenga ndizo ninazozitaka!"

Darasa likaangua kicheko. Uso wake ukamshuka, na roho ikaniuma. "Unataka niiharibu? Mbele za watu?"

Mwalimu mkuu akatazama saa. Nikapiga magoti kando ya kiti cha Baba Mdogo, nikamweleza habari za ule mwanga, harakaharaka, maneno yakigongana. Alinisikiliza huku mdomo wazi. Kisha akachomoa waya ukutani, akatoa bisibisi mfukoni, akafungua mgongo wa televisheni, akang'oa king'amuzi na kuirudisha antena ya zamani.

"Washa," akasema.

Shhhhhh! Chenga, kioo kizima! Watoto wakapiga kelele.

"Za mwanzo wa ulimwengu ni zipi, mwalimu?" mmoja akaniuliza.

"Zimechanganyika, hatuwezi kuzitenga kwa macho. Lakini zimo! Mwanga huo una umri wa karibu miaka bilioni kumi na nne, na umeishia hapa, darasani kwetu!" Nilikuwa narukaruka mbele ya wanafunzi wangu na sikuona haya hata kidogo.

Mwalimu mkuu akaingia, akaketi, macho kwenye kioo. Kengele ilipolia, akainuka. "Madawati yatafutiwe pengine," akasema, akanyoosha mkono kuizima televisheni.

Baba Mdogo akamshika kiganja.

"Iache kidogo, mwalimu mkuu. Nimezifukuza maisha yangu yote. Sijawahi kuzitazama."