Bibi Alivyoipamba Nyumba ya Kubomolewa

Wiki iliyopita nilimharibia fundi kazi yake. Binti yangu anamalizia nyumba kule Panzi, hapa Bukavu, akaniita nikaone rangi ya sebule, rangi ambayo yeye na mume wake waliichagua kwenye simu. Fundi alikuwa ameshaupitia ukuta wote kwa rola, umenyooka, unang'aa, hauna alama hata moja. Nikausogelea. Sijui nilipitiwa na nini, nikaweka vidole vyangu kwenye rangi mbichi nikavivuta polepole, nikachora upinde mmoja, kisha mwingine ubavuni mwake. "Maman! Rangi haiyakauka!" fundi akapiga kelele. Binti yangu akanishika mkono kama anayemwondoa mtoto karibu na jiko. Nikanawa, nikaomba radhi, nikaenda kukaa nje kwenye kiti cha plastiki, na huko nje, rafiki yangu, nikamkumbuka bibi mpaka machozi yakanitoka.

Bibi huyu ni mama wa baba yangu. Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko juu ya soko la Nyawera, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, wakati soko lenyewe lilikuwa dogo na sisi tulijua vizuri njia ipi ni yetu na ipi ni ya wazungu. Ilikuwa nyumba ya fito na udongo, vyumba viwili na kibaraza, paa la nyasi. Babu aliijenga kwa mikono yake alipoteremka kutoka Katana kutafuta kazi, akamleta bibi humo akiwa bibi arusi, na humo akafia. Baba alizaliwa humo. Mimi pia. Ukiingia ulipokewa na moshi wa kuni, harufu ya maharage yaliyoshinda motoni, na ubaridi wa sakafu iliyosuguliwa ikawa laini kuliko kitanda. Asubuhi, kabla hatujafumbua macho, tulisikia kengele ya misheni, halafu wanawake wakishuka na ndizi zao sokoni huku wakisemezana kwa Mashi, lugha yetu, kwa sauti kubwa, kana kwamba mlima mzima umeombwa kuamka.

Kisha Leta, ndivyo tulivyoiita serikali, ikataka kupitisha barabara pale. Akaja mzungu wa usafi na mkalimani wake, wakapita nyumba kwa nyumba, na kila mlango waliouhukumu wakauchora msalaba wa chokaa. Wetu ulichorwa pia. Tuliambiwa kwamba Jumatatu ya kwanza baada ya mwisho wa mwezi wafanyakazi watakuja kubomoa, na sisi tutahamia Bagira, kwenye nyumba za matofali zilizopangwa mistari kama watoto wa shule.

Baba hakuhuzunika, na simlaumu. Alikuwa karani, shati lake jeupe lilinuka moshi kila siku ofisini, na wenzake walimcheka kwa hilo. Alitaka bomba la maji na taa ya umeme. Mama naye alikuwa ameshaanza kufunga vyungu kwa majani ya migomba. Bibi peke yake hakufunga kitu. Siku kadhaa alizunguka nyumba, mikono mgongoni, akiangalia kuta kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Na kweli zilikuwa zikiugua. Tangu babu afariki hazikuwa zimepakwa tena. Zilikuwa na nyufa za kuingiza kidole, udongo umebanduka mpaka fito zinaonekana, na upande uliotazama ziwa chini yetu paa lilikuwa limeota majani.

Asubuhi moja baba alimkuta amepiga magoti, amefunga kitenge kiunoni, anakwangua ukuta kwa jembe la zamani lisilo na mpini.

"Maman, banakuya kubomola hii nyumba," baba akasema. "Juu ya nini unajichokesha?"

Bibi hakugeuka. "Baba yako alinileta hapa niko na nguo mupya. Nyumba yake haitatoka hapa na nguo ya kupasuka. Kama hautaki kusaidia, pita, unanizibia mwangaza."

Baba akapita. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba kikongwe amerukwa na akili. Lakini mimi, msichana wa kama miaka minane, nilielewa jambo lingine kabisa, na nililielewa kwa moyo wote: bibi amepata ujanja. Nyumba ikipendeza kupita zote, mzungu ataufuta msalaba wake mwenyewe. Nikawatangazia watoto wa njia nzima. Kuanzia siku hiyo nilifanya kazi kama punda, wala hakuna aliyenisukuma.

Kazi ya kwanza ilikuwa mavi ya ng'ombe. Usikunje uso, ndiyo iliyokuwa saruji yetu. Wachungaji waliteremsha ng'ombe kutoka Kabare kuelekea machinjioni, na sisi watoto tuliwafuata nyuma na vikapu, tukisukumana na kugombania kilichoanguka bado moto. Nyumbani bibi alikuwa amechimba shimo la udongo mwekundu. Tulimwaga mle mavi, majivu ya jikoni, nyasi zilizokatwa vipande, na maji kidogo kidogo, kisha tukaingia kukanyaga. Wanawake wachache wa jirani waliokuja kusaidia walishikana mabega wakakanyaga wakiimba, na matope yakalia chini ya miguu yao. Bibi aliuonja mchanganyiko kwa vidole, si kwa ulimi, ingawa mimi ningeamini hata hilo. Ukikataa kushikana aliongeza majivu. Alisema udongo usio na majivu ni mtu asiye na mifupa.

Jirani yetu, mwanamke wa Mwenga ambaye mume wake alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, alijitolea kuupaka ukuta wa nyuma. Alikuwa na mikono yenye nguvu na mdomo wenye nguvu zaidi. Mlango wake pia ulikuwa na msalaba. Alikoroga shimo lake mwenyewe, akapaka haraka kutushinda wote, akasimama pembeni akijisifu. Jua lilipopanda, ukuta wake ukaanza kuteremka taratibu, wote kwa pamoja, kama kitenge kinachomfunguka mtu njiani, ukajikunja chini puu. Hakuwa ametia majivu.

"Kwetu mu pori hatuna ng'ombe, maman," akajitetea. "Miye nilizani majivu ni ya kupikia mboga tu!"

Bibi alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba wa babu. Kisha akainuka, akamshika jirani mkono, wakaanza upya pamoja.

Lakini mvua haikutaka kucheka nasi. Mwezi wa tisa ulikuwa umeingia, mawingu yalikuwa yakitoka ziwani kila alasiri, na ukuta unaopakwa asubuhi ulikuwa haujakauka ikifika jioni. Bibi akawasha vijimoto ndani, kimoja kila pembe, ili joto likaushe kuta kutoka ndani. Tulilala humo tukikohoa, macho mekundu, nywele zikinuka kama nyama ya kukausha. Ndipo ikaja mvua ya mawe, siku chache kabla ya Jumatatu ile. Ilipiga nyasi za paa kana kwamba mtu anamwaga vikapu vya maharage juu yetu, na ilipokwisha tukatoka nje kutazama. Ukuta wa upande wa ziwa ulikuwa umerudi kuwa matope.

Nililia. Jirani akakaa juu ya kinu, mikono kichwani. Bibi alitazama ule ukuta, akatazama mbingu, akaitukana kwa Mashi matusi ambayo padri hakuwahi kuyasikia, kisha akaokota jembe lake. Alikuwa amechoka. Magoti yake yalikuwa yamevimba, akawa anajisukuma kwa mikono kutoka sehemu moja hadi nyingine. Hapo baba akaingia kutoka kazini. Alimkuta mama yake katika hali hiyo. Alivua lile shati lake jeupe, akalitundika kwenye mti wa uzio, akapanda juu ya paa.

"Paa inavuya huku," akatuambia kutoka juu. "Muniletee nyasi."

Kutoka jioni ile, baba alikuwa anatoka ofisini anapanda paani moja kwa moja. Jumamosi paa lilikuwa limeezekwa upya, kingo zimekatwa sawasawa, na kuta zote zimesimama kavu. Likabaki pambo.

Udongo mweupe bibi alikuwa ameuagiza kwao Katana, ukaja na mtumbwi, mabonge yamefungwa majani ya migomba. Mweusi tuliutengeneza kwa masizi ya chungu na utomvu wa mgomba. Mwekundu ulikuwa chini ya miguu yetu. Hatukuwa na brashi. Ulichovya vidole, ukaviweka ukutani, ukavuta kwa pumzi moja bila kusita, kwa sababu ukisita ukuta unakuonyesha kwa watu. Bibi alichora pinde, upinde ndani ya upinde, kama migongo ya milima unapotazama upande wa Kabare. Jirani alipiga nukta, nyeupe na nyekundu, kwa ncha ya kidole, akizipanga mistari kuzunguka madirisha, ndivyo walivyozoea kwao. Siku zile hukuhitaji kuuliza nani alipaka nyumba ipi. Ulijua mkono wa mtu kutoka njiani, jinsi unavyojua sauti yake. Mimi nilipewa nafasi chini kabisa, karibu na kizingiti. Nilichora pinde kama za bibi, zikapinda. Akaja kuziangalia, nikasubiri anifutie. "Hii ni mukono yako," akasema, akaenda.

Jumapili baada ya misa njia nzima ilikuja. Mama alipika bugali, maharage na mboga za lengalenga, wanaume wakanywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na walewale waliomwita bibi kichaa walikuwa wakiizunguka nyumba wakigusa kuta kwa nyuma ya mkono. Mlango tu bibi hakuupaka. Aliuacha msalaba wa chokaa vilevile, na jambo hilo lilinisumbua kidogo, nikajiambia anamwachia mzungu aufute.

Jumatatu wakaja. Mzungu mwenyewe hakufika. Alikuja kapita, msimamizi wa wafanyakazi, Mkongo mwenzetu mtu mzima mwenye kofia ya kaki, na nyuma yake vijana wenye sururu na koleo. Walikuwa wameshaangusha nyumba kadhaa za chini, tulisikia tangu alfajiri. Walipofika kwetu wakasimama. Kapita akaizunguka nyumba, akarudi mbele akiwa ameshika kofia mkononi.

"Maman," akamwambia bibi, "hii nyumba iko muzuri kupita zile za Bagira. Niende kwa muzungu, nimuombe atuachie hata mwezi moja. Miye ananisikiaka."

Nilimshika bibi kitenge, nikamvuta. Nilikuwa nimejua! Nilikuwa nimewaambia wote!

"Na kisha ule mwezi?" bibi akauliza.

Kapita akatazama kofia yake. "Kisha tutakuya tu, maman."

"Basi mufanye leo. Mwezi moja mvua itaipasua, na miye sina tena nguvu ya kuipaka. Muiangushe ikiwa hivi."

Aliingia ndani, akamwagia maji moto wa jikoni, tukasikia ukizomea. Akatoka na msalaba wa mbao alioacha babu, ameushika kifuani, akaufunga mlango taratibu kama alivyoufunga kila alipokwenda sokoni. Vijana walikuwa wameanza kuzunguka kuelekea ukuta wa nyuma, nadhani kwa aibu ya kuanza mbele yetu. Bibi akawaita.

"Muanzie hapa mbele," akasema. "Nyumba ya mutu haibomolewe na nyuma, kama kazi ya muizi."

Akasimama palepale, wima juu ya magoti yake yaliyovimba, mpaka ukuta wa mwisho. Baba alisimama kando yake, hakwenda kazini siku hiyo. Mimi nilikimbilia kwa jirani, ambaye zamu yake ilikuwa haijafika, nikajificha, na kwa miaka mingi nilimkasirikia bibi. Niliona ametunyang'anya mwezi mmoja ambao tulipewa bure.

Bagira tulipata bomba na taa, na baba alikuwa sahihi, maisha yalikuwa mepesi. Bibi hakuishi huko muda mrefu. Jirani alimfuata mume wake machimboni, hatukumwona tena. Wanawake waliojua kuvuta vidole ukutani wakaondoka mmoja mmoja, na binti zao walikuwa na matofali ambayo hayakuomba mkono wa mtu. Leo ukipita juu ya Nyawera utaona maduka, pikipiki, na watu wanaouza kila kitu, na hakuna anayejua kwamba kulikuwa na kizingiti pale. Picha hatukupiga. Nani angekuwa na kamera?

Tangu wakati huo nimeona nyumba nyingi za Bukavu zikifa. Nimeziona zikiteremka na mlima usiku wa mvua, zikiungua, zikiachwa na wenyewe mpaka paa likaingia ndani. Nyumba ambayo baba alijijengea uzeeni niliitazama ikioza kidogo kidogo miaka na miaka, na sasa nikijaribu kuikumbuka ilipokuwa nzuri, siwezi, naona ule uozo tu. Ya bibi sina namna ya kuiona imeoza. Nikiitafuta naikuta imekauka, nyeupe na nyekundu na nyeusi, nyasi za paa bado zinanuka shamba, hata pinde zangu zilizopinda zipo. Kama bibi angekubali mwezi ule, ningekuwa nakumbuka nyufa.