Picha ya Mji Wetu Ukutani Doornfontein

Mgeni kutoka Japani alipoionyesha picha ile ukutani, nilidhani macho yananidanganya. Tulikuwa kwenye ukumbi wa chuo ninakofundisha, hapa Doornfontein, mtaa wa Johannesburg. Yeye ni afisa wa jiji moja la kwao, na alikuja kutueleza faida za kuunganisha halmashauri ndogo na kubwa. Jengo la pichani nililijua. Lilikuwa ofisi ya mji nilioishi nikiwa mwanafunzi huko Japani, kabla sijahamia huku.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo, umebanwa na milima. Nilipanga chumba kwa bibi mjane aliyenifundisha kula kwa vijiti na kuanika figili chini ya paa kabla theluji haijaanza. Mimi Mkenya, theluji nilikuwa sijawahi kuigusa. Nikateleza mlangoni kwake, mguu ukavimba, naye akanishika mkono mpaka kliniki, nyuma tu ya ofisi ile. Daktari aliwajua wagonjwa wake wote, na hakukawia kunijua na mimi. Jioni vipaza sauti vya mji vilipiga muziki wa kuwaita watoto nyumbani. Bibi akiusikia, aliwasha jiko.

Baadaye mji ukamezwa na jiji la ng'ambo ya mlima. Nilikuwa huku tayari. Bibi alinieleza kwa simu, kidogo kidogo. Jina la mji likaondolewa kwenye anwani. Kliniki ikafungwa. Basi likapunguzwa safari, kisha likaacha kuja kabisa.

"Hata muziki wa jioni wameuzima," aliniambia.

Na sasa afisa wa jiji lilelile alikuwa amesimama mbele yetu, akisema kwa Kiingereza safi, "Hapa tuliokoa gharama, na wananchi waliridhika."

Sikungoja muda wa maswali. Nilisimama nikamuuliza kwa Kijapani, kile cha milimani nilichojifunza jikoni kwa bibi, "Wananchi gani hao walioridhika?"

Alishtuka. "Kulikuwa na mikutano," akajibu kwa Kijapani.

"Kuna bibi pale, mzee sana. Akiugua leo aende wapi?"

"Jijini kuna hospitali nzuri."

"Afikeje?"

"Kwa kawaida familia husaidia."

"Hana familia! Alikuwa na majirani, na daktari, na basi. Nyinyi mmemwachia nini?"

Mwenzangu wa idara, Mkenya kama mimi, alinivuta mkono. "Dada, keti. Unatutia aibu mbele ya wageni."

Nikaketi. Wengine ukumbini hawakuelewa neno hata moja, lakini hasira walikuwa wameiona.

Wakati wa chai yule afisa alinifuata, akainama sana. "Mimi nilitumwa tu kuwasilisha," akasema.

"Basi litarudi?"

"Nitafikisha ujumbe."

Nimekaa kule, najua mtu anavyoinama ili mazungumzo yaishe. Sikumwinamia.

Kesho yake, nikiwa nyumbani kwangu mtaa wa Observatory, nilimpigia bibi nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Ulimfokea mbele ya watu?"

"Ndiyo, bibi."

"Si vizuri. Na basi, alisema litarudi lini?"

"Alisema atafikisha ujumbe, bibi."

Halikurudi. Majira ya baridi yalipofika, bibi alianguka bafuni, na jirani mmoja aliyebaki ndiye aliyemkuta. Wakampeleka kwenye makao ya wazee, katika jiji lilelile. Tunaongea bado. Anasema chumba kina joto na chakula huletwa kwa wakati. Ila wauguzi vijana wakimuuliza kwao ni wapi, yeye huutaja mji wake, nao humsahihisha kwa upole na kumtajia jiji. Mwenzangu bado ananiambia nilikosa adabu siku ile. Nikimfikiria bibi anavyosahihishwa, naona nilisema machache mno.