Nguo Isiyoanuliwa

Kwetu, kwenye miteremko iliyo juu ya Runyenjes, tulijua muuguzi yupo kwa kutazama kamba yake ya nguo. Kliniki ilikuwa ng'ambo ya mto, na kwenda huko ni kuteremka hadi kwenye daraja la mbao kisha kupanda tena ukihema. Mtu mwenye homa hawezi kutembea mwendo huo wote aende kukutana na kufuli. Kwa hiyo kabla hujamfunga mtoto mgongoni, ulisimama kwanza nje ya nyumba ukatazama. Sare nyeupe ikiwa imeanikwa, sista yupo. Kamba ikiwa tupu, kunywa maji ya moto ungoje kesho.

Hakuna aliyeutangaza utaratibu huo. Ulianza wenyewe, kwa kuwa muuguzi yule alikuwa mtu wa kufua kila siku. Alitoka upande wa Muthara, na Kimeru chake tulikielewa nusu, nusu nyingine tukaicheka, naye akacheka Kiembu chetu chote. Alikuwa na sare mbili, moja mwilini na moja kambani. Wingu likitanda kidogo tu, alitoka mbio kuianua kabla ya tone la kwanza. Mimi nilimwona mara nyingi kutoka kituo cha maziwa, ninakofanya kazi hadi leo. Alikuwa mwanamke mnene, na alikimbia amenyoosha mikono mbele kama anayefukuza kuku. Nilipenda sana kumtazama.

Kliniki ilikuwa yetu. Haikuwa ya serikali wala ya kanisa, ingawa wote wawili walifika siku ya kupigwa picha. Wazee walibeba mawe kutoka mtoni, kina mama wakabeba mchanga, na serikali ilipoombwa muuguzi ikasema tungoje. Tulipochoka kungoja tukaajiri wetu kwa maziwa. Maziwa ya Jumatano asubuhi hayakuwa ya mwenye ng'ombe, yalikuwa ya kliniki. Ulileta ulichokamua, nami nikakimimina kwenye mtungi uliofungwa utepe mwekundu, na mauzo ya mtungi huo yakawa mshahara wa sista. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa miaka kadhaa kibaba kilijaa.

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kamati. Aliipenda kliniki ile kuliko shamba lake la kahawa, na mama alimtania kwamba siku moja atahamishia huko kitanda chake.

Mdogo wangu alijifungua mtoto wake wa kwanza huko, na nusura afie huko. Mtoto alipotoka, damu ikafuata na haikukoma. Sista alimchoma sindano aliyoitoa kwenye friji, akamkanda tumbo kwa ngumi hadi jasho likamtiririka. Damu ilipokoma, alikaa chini sakafuni akatucheka kwa uchovu.

"Wewe damu yako haina brake," alimwambia mdogo wangu. "Wa pili usijaribu kuzalia nyumbani. Ukuje kwangu ama uende hosi kubwa mapema. Umesikia?"

Mdogo wangu alisikia neno moja tu: kwangu. Alipopata mimba ya pili, akarudi kwetu kwa kuwa mumewe alikuwa na kibarua Nairobi. Tulipanga kwamba mwezi wa Mei ukianza ahamie kwa shangazi kule Runyenjes, karibu na hospitali kubwa. Alikubali ili tunyamaze. Moyoni alikuwa na sista wake.

Mwaka huo maziwa ya Jumatano yalianza kupungua bila mtu kusema neno. Kwanza alikuja mchuuzi wa pikipiki na madebe yake ya plastiki, akanunua kwa pesa taslimu langoni mwa mtu. Halafu watu wakaandikishwa kwa kadi mpya ya serikali, wakaambiwa hospitali zote sasa zitawatibu kwa kadi.

"Sasa tunalipa mara mbili ya nini?" mama mmoja aliniuliza, akinipa nusu ya kawaida yake.

Halafu yakaja maji. Laktomita yangu, kile kipimo kinachozama maziwa yakitiwa maji, ilizama siku moja tu katika wiki. Siku nyingine maziwa yalikuwa mazito, lakini Jumatano ng'ombe wa kata nzima walikuwa wamekunywa mto. Mimi nina hasira ya karibu na ulimi wa karibu zaidi. Niliiambia foleni yote, "Mnamnyonyesha sista maji." Walicheka. Walidhani ninatania.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katikati ya mvua za Aprili ilianza kusemwa kwamba sista amepata kazi kwao Meru, na kwamba ameshaanza kufunga mizigo. Baba aliposikia hayo kanisani alisimama baada ya matangazo.

"Nani anasema ameenda?" aliuliza. "Kwani hamna macho? Si uniform iko nje? Ako."

Watu walitoka kanisani, wakatazama ng'ambo, wakaona nguo. Hilo likaisha.

Jumanne iliyofuata nilikuwa naosha mitungi mvua iliponyesha ghafla. Niliinua macho kwa mazoea, nimwone akikimbia. Hakutoka. Sare ililowa ikawa nzito, ikaivuta kamba hadi pindo likagusa nyasi. Mvua ikakatika, jua likatoka, nguo ikakauka ilipokuwa. Nguo kulowa si jambo la kumtisha mtu mzima, lakini mimi niliogopa, na nilijiona mjinga kwa kuogopa.

Jioni nilimkuta baba uani akikwangua tope kwenye gambuti zake. Wiki hiyo alikuwa akivuka mto kila alfajiri, hata kabla ya chai.

"Baba, sista ni mgonjwa? Ameacha nguo ikanyeshewa."

"Ana wagonjwa," alisema. "Ama unataka aache mtu kwa dripu akimbilie nguo?"

"Na wewe unavuka kila asubuhi kufanya nini?"

"Gata imeziba, maji ya paa hayapiti."

Hakuniangalia. Aliendelea kukwangua, ingawa gambuti zilikuwa zimeshatakata.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, na maziwa yalirudi. Watu walikuwa wametazama ng'ambo, wakaona aibu kwa maneno yao, wakamimina. Mtungi wa utepe mwekundu ulijaa hadi nikatafuta wa pili. Baba alisimama karibu nami akiwasalimu mmoja mmoja, akicheka kwa sauti. Nilikuwa sijamwona akicheka vile kwa muda mrefu, na hata kicheko hicho hakikunituliza.

Ijumaa aliondoka kabla hakujapambazuka, amevaa koti la kanisani na gambuti, viatu vyake vizuri vikiwa ndani ya mfuko. Alisema atapitia kliniki kisha aende Embu kuwaona wakubwa wa afya.

Mvua ilianza nikiwa napokea maziwa. Kanta ya kubeba mitungi ilikuwa imejaa, dereva amewasha injini, nilipomwona mama akija polepole chini ya mwavuli, amemshika mdogo wangu kiunoni. Uchungu ulikuwa umemwanza mapema, wiki mbili kabla ya siku ya kuhamia kwa shangazi.

Dereva alifungua mlango. "Panda hapa mbele, mami. Twende Runyenjes saa hii, barabara bado inapitika."

Mama alikuwa ametazama ng'ambo. Kupitia mvua, sare nyeupe ilionekana vizuri, imelowa, inaning'inia.

"Kwani tuende mbali ya nini na sista ako?" alisema.

"Mama, hiyo nguo inanyeshewa," nikasema. "Inanyeshewa na hakuna mtu anaianua."

"Mwenye macho haambiwi tazama. Si hiyo iko pale? Pengine ana mgonjwa."

Nilipiga simu ya sista, haikupatikana. Hilo halikuwa ajabu, kwa kuwa ng'ambo ile simu hukata mvua ikinyesha. Nikapiga ya baba. Ilikuwa imezimwa. Baba huzima simu akiingia ofisi ya mtu mkubwa, kwa heshima.

Mdogo wangu aliinama, akashika ukuta, uchungu ukapita. Kisha akaniangalia, uso umelowa. "Mimi nataka sista," alisema. "Huyo ananijua."

Ningeweza kubishana na mama. Na mdogo wangu sikuweza. Dereva alitungoja kidogo, akafunga mlango, na Kanta ikapanda kilima ikiteleza. Niliacha maziwa ya watu kama yalivyo, nikamshika mkono wa pili.

Kwenye daraja mdogo wangu alisimama sana, na tulipoanza kupanda nilikuwa namsukuma mgongoni. Nilisikiliza kama nitasikia redio ya sista, maana huwa haizimwi. Nilisikia mvua peke yake kwenye mabati.

Mlango ulikuwa na kufuli. Mama alibisha hodi hata hivyo, akabisha tena, akamwita sista kwa adabu yote. Mimi nilichukua jiwe nikaivunja kufuli. Ndani, rafu zilikuwa tupu na zimefutwa vumbi. Friji ilikuwa imezimwa, na mlango wake umeegeshwa wazi kwa kijiti, vile mtu anayehama huiacha ili isinuke. Nilikitazama kijiti kile. Nikaelewa gata, na gambuti, na kicheko cha Jumatano. Nilielewa yote kwa pamoja, na nilikuwa sina nafasi hata ya kukasirika.

Mtoto alitoka haraka, pale pale barazani, kwenye leso ya mama. Alikuwa msichana, na alilia vizuri. Halafu damu ikaja.

Nilimkanda tumbo kwa ngumi, kama nilivyomwona sista akifanya. Tulitumia leso, tukatumia sweta yangu, tukatumia kila kitu. Nilikimbia uani nikaianua ile sare, nikaikamua mvua, nikarudi nayo. Ilijaa damu kama zingine. Nikamwachia mama kazi ya kukanda, nikapanda mbio juu ya kilima hadi simu ikashika, nikampata dereva.

"Nageuza," alisema. Hakuuliza swali hata moja. Baadaye nilijua kwamba Kanta ilikwama kwenye mteremko, na kwamba aliiacha hapo akaja kwa miguu na vijana wanne na ngazi ya kumbebea.

Niliporudi, mdogo wangu alikuwa bado anazungumza, kwa sauti ndogo sana. "Sista amekuja?"

"Anakuja," mama alimwambia. "Anavaa uniform."

Akaridhika. Alifunga macho kama mtu aliyeahidiwa, na hakuyafungua tena. Kina dereva walifika baadaye na ngazi yao.

Mvua ilikuwa imekatika baba alipotokea. Tulisikia gambuti zake kabla ya kumwona, zinapanda kwa haraka, na sauti yake ikatufikia kutoka nyuma ya jengo.

"Nani ameanua nguo?" alisema, amekasirika. "Nimeona kamba tupu kutoka huko stage. Si watu watasema—"

Alizunguka kona. Alimwona mama amekaa sakafuni na kichwa cha mdogo wangu mapajani. Akaona mtoto mikononi mwangu. Kisha akaiona sare ilipokuwa.

"Mimi," nikamjibu. "Nimeianua mimi."

Alitueleza baadaye, baada ya mazishi, kwa maneno machache. Sista alikuwa ameondoka Jumamosi, siku moja kabla ya yale maneno ya baba kanisani, ameaga kwa heri, na hakuwa na kosa. Mtu hawezi kulipwa maji. Alimwachia baba sare moja kuukuu ampe atakayemfuata, na hiyo ndiyo baba aliyokuwa akiianika kila alfajiri. Baba alijua watu wakijua kliniki ni tupu, maziwa yatakoma, na kliniki iliyokufa haipewi muuguzi na mtu yeyote. Alihitaji siku chache tu. Ijumaa ile huko Embu walikuwa wamemwahidi muuguzi, na kwa mara ya kwanza hawakumdanganya.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Baba hakuitembea. Aliyeitembea ni mdogo wangu, akisukumwa mgongoni na mimi. Nilimchukia baba, na siwezi kusema nimemaliza. Niliwachukia pia waliokuja matangani na mitungi iliyojaa hadi shingoni. Niliyapima maziwa yao ya msiba. Hayakuwa na tone la maji.

Muuguzi wa sasa ni kijana mpole wa kutoka Kangeta, na Jumatano bado ni ya kliniki. Baba huleta maziwa yake mwenyewe, anasimama hadi nimalize kuyapima, halafu anarudi nyumbani. Hajavuka mto tena. Yule msichana aliyezaliwa barazani huja naye, amemshika kidole, na mimi humpa kikombe.

Muuguzi huyu naye anaanika nguo, na watu wanatazama kamba kama zamani. Nimewaambia wapige simu, wamtume mtu kwanza avuke aone. Wanaitikia, kisha wanainua macho. Nami ninainua. Matone ya kwanza yakigonga mabati ninaacha kupima, hata foleni ikinung'unika, ninatoka nje na laktomita mkononi. Ninasimama hapo ninanyeshewa hadi nimwone mtu akitoka kuianua.