Kuku wa Kwenye Simu

Nyanya yangu, mama yake Papa, aliniachia kuku mwekundu. Wakubwa waligawana shamba la maharage na vyungu. Mimi nikapata kuku, na sikumwonea mtu wivu. Nyanya alikuwa akimwita kwa kugonga ulimi, naye anatoka mbio migombani. Baada ya mazishi niliendelea kumwita vilevile, naye akaendelea kuja.

Nilipopelekwa Walikale kusoma, kwa mama mdogo, nilimkabidhi Papa kuku wangu. Akaapa kwa Mungu, mkono juu. Papa huapa haraka kuliko anavyokula, na kula anakula haraka sana. Ningejua tu.

Kila Jumapili alipanda kilima pale kwetu Karuba kutafuta rezo, yaani mtandao wa simu, akanipigia.

“Papa, kuku yangu iko?”

“Iko, mama! Iko apa kwa miguu yangu. Sikiliza.”

Nami nasikia: ko-ko-ko-kooo. Nakaa nimetulia wiki nzima, mvua ya msituni inapiga mabati. Sikuwahi kujiuliza kuku alifuata nini juu ya kilima.

Likizo ya Noeli nikarudi. Hata mzigo sijatua, nikamuulizia. “Ngoja nikuitie,” akasema Papa, akazunguka nyuma ya jikoni. Ko-ko-ko. Nikamfuata mbio. Nikamkuta mzee mzima, mwenye mvi, anayekaa viti vya mbele kanisani, amechuchumaa kwenye mabua ya mahindi, mikono mdomoni, anakaribia kutaga.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. “Aliikula siku ile ile uliondoka,” akasema. “Na firigisi njo alianza nayo.”

Firigisi ya kuku kwetu ni ya baba, hilo halina mjadala. Wadogo zangu nao wakacheka. Basi wote walijua. Nyumba nzima ilikula kuku wa nyanya, kisha kila Jumapili ikamwacha Papa apande kilima kunidanganya. Nyama ningeisamehe. Ule mlio, hapana. Nilikuwa nikiusikiliza kwa moyo wote.

Nilimnunia. Kuomba mtoto msamaha, baba wa kwetu haombi. Akaleta kifaranga; nikageukia ukuta. Siku ya Noeli akachinjwa jogoo. Papa akachukua firigisi, akaitazama kwa huruma, akaiweka kwenye sahani yangu. Mwiko ukamponyoka mama. Sikuigusa. Aliyeila ni paka.

Nikarudi Walikale. Jumapili moja simu ikalia.

“Papa, kifaranga iko?” Niliuliza kwa ubaya tu.

Nikasikia upepo wa kilimani, nikajiandaa kwa ko-ko-ko.

“Imekufa, mama. Ugonjwa njo iliiua. Haiko miye niliikula.”

Nikalia mpaka mama mdogo akaja mlangoni. Papa hakukata simu. Alikuwa akipumua tu kule juu, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nilitamani alie kama kuku.