Muulize Brevet Yake Inaishia Wapi

Ipo siku moja, mwanangu Furaha, ambayo nikifumba macho bado naiona. Ilikuwa asubuhi, dukani kwa mjomba wangu, mfanyabiashara wa Butembo aliyehamia Kashebere. Nilikuwa kijana mwembamba (usicheke, na mimi niliwahi kuwa mwembamba), kazi yangu kupanda juu ya mizigo ya lori lake na kuilinda njiani. Siku hiyo mjomba alikuwa anatafuta dereva.

Walikuja watatu. Wa kwanza hakuwa na permis, leseni ya kuendesha gari; mjomba alimnywesha chai, akamwambia aende kwanza akaitafute. Wawili waliobaki walikuwa nazo, zote halali. Mjomba alizitazama mbele na nyuma, akazirudisha kwa mikono miwili, kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kulisikia kwa mwajiri yeyote.

"Permis zenu nimeziona, iko muzuri. Sasa muniambie: ni nini hazikuwafunza?"

Mmoja akacheka. "Papa, mimi najua yote. Hakuna barabara itanishinda."

Mwenzake akakuna kichwa. "Matope ya huku, Papa. Sikufunzwa. Fasi ya njia nitaona mubaya, nitashuka niulize watu."

"Wewe njo utatembeza gari," mjomba akamwambia. "Mutoto ya dada yangu anapandaka mule."

Mtoto huyo ni mimi. Wakati ule niliona haya kuitwa mtoto mbele za watu. Leo nikikumbuka, machozi hunilengalenga. Msimu wa mvua ulipofika, dereva wetu alisimama mbele ya daraja la miti, akashuka, akauliza akina mama waliokuwa wanatoka shambani. Wakamwambia maji yamekula nguzo. Tukabaki upande huu, mimi nikinung'unika kwa njaa, na kabla mvua haijaisha tuliliona daraja likienda na mto.

Sasa wewe kesho, pale Muheto, utaketi na vijana wanaotaka kutengeneza site ya intaneti ya kuuzia fromage, jibini la cooperative yetu. Uliniambia kwenye simu kwamba mmoja ana brevet za informatique, vyeti vya masomo ya kompyuta, na kwamba kwako karatasi ni karatasi tu. Hapana, mama. Brevet iheshimu. Maana yake kuna mtu alimpima, naye akavumilia mpaka mwisho wa masomo. Lakini kazi ya site haina polisi wa barabarani wa kudai karatasi, kwa hiyo asiye nayo usimfukuze: akuonyeshe site alizojenga, uzifungue mwenyewe kwenye simu yako.

Kisha wote waulize swali la mjomba: ni nini hawakufunzwa? Réseau ya simu ikikatika huku mlimani, mteja wa Goma ataonaje kwamba fromage ipo? Siku fundi mwenyewe akihama, mot de passe ya kufungulia site itabaki kwa nani? Anayekujibu kwamba hayo si kitu, mpe chai na umshukuru. Anayekuna kichwa na kusema hilo hakufunzwa ila ataliuliza, huyo mshike. Site ikifa, wateja watadhani na sisi tumefunga, na unazijua nyumba zinazoishi kwa maziwa yale. Ya kwenu ni mojawapo.

Mungu akupe masikio ya mjomba wangu, mwanangu, na kila utakayempa kazi akuvushe salama. Mimi nipo hapa, nazeeka na kunenepa, kwa sababu kuna dereva aliyekubali kushuka.